Fajita za Leo na Uji wa Siku Ile

Lina mwanangu,

Shangazi yako amenipigia simu sasa hivi kusema umefika Issuna salama, na kwamba hakuachii mpaka ule kuku aliyekuchinjia. Nikapiga hesabu: ukila, ukiaga ukoo mzima, ukingoja gari, hapa Utemini utafika jua linazama. Kwa hiyo nina saa nne hivi. Nimefunga kibanda changu sokoni mapema, watu wakaniuliza kama naumwa. Nimekaa kwenye meza ya jikoni naandika. Kikaango kiko juu ya jiko kimefunikwa, nitakufikisha huko.

Mambo ya safari sitayaandika. Tiketi unayo, begi umelifunga tangu juzi, na hiyo hoteli ya Morogoro unayokwenda kupika unaijua wewe, mimi hata jina lake linanipiga chenga. Wewe ndiye uliyekuwa unanikumbusha mimi kuvaa koti. Mtu aliyetunzwa na mtoto wake tangu mtoto ana miaka kumi na mitatu, ataagiza nini? Nitaandika lile ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema.

Tuanze na hizo fajita, maana ndizo zilizonibana. Uliporudi kutoka chuoni kusubiri barua ya kazi, ulinikuta nakula mihogo ya kununua asubuhi, chipsi jioni, na Jumapili najialika kwa watu. Ukaangalia sufuria zilivyoshika vumbi. Kesho yake ukasema utanifundisha chakula kimoja, kimoja tu, rahisi. Nikadhani ugali. Kumbe ni chakula cha watu wa Meksiko mlichokuwa mnawapikia wageni pale chuoni! Nikakuuliza mzee wa Kinyaturu na Meksiko wapi na wapi. Ukanijibu kwamba ugali unataka mkono na mboga inataka uvumilivu, na mimi vyote sina. Fajita inataka kisu, kikaango na mtu asiyeondoka jikoni kwa robo saa.

Kitu cha kwanza ulichoniwekea mbele kilikuwa kitunguu. Lina, mimi nimeuza vitunguu miaka ishirini na sita. Nikikishika gizani nakuambia kama kitakaa ghalani au kitaoza wiki ijayo. Ada zako zote zimetoka kwenye vitunguu. Lakini siku ile ndipo nilipokikata kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nilikishika kama mtu aliyepewa chura. Machozi yakanichuruzika, ukacheka mpaka ukakaa chini sakafuni. Na mimi nikafurahi, maana kicheko kile sikuwa nimekisikia humu ndani miaka tisa.

Nyama niliikata mapande ya mchuzi wa harusi. Ukanionyesha: steki inakatwa nyembamba kama kidole cha mtoto, kisu kikikingama nyuzi za nyama, usizifuate, la sivyo utatafuna mpaka kesho. Ukaitia limao, chumvi, kitunguu swaumu, bizari na pilipili ya unga, ukaiacha ilowe wakati tunakata hoho. Kisha nikaimwaga yote kwenye kikaango kwa mkupuo, ikatoa maji, ikaanza kuchemka, ikawa ya kijivu. Ukasema kidogo kidogo, baba, usijaze kikaango. Mara ya pili nikayaacha mafuta ya alizeti yakapata moto kupita kiasi, moshi ukatoka mpaka jirani akauliza kulikoni. Mara ya tatu hoho zikawa makaa. Zile chapati kavu nilizosukuma mimi zilikuwa na pembe, ukatandaza nyama juu, ukakunja, ukala bila kukunja uso. Halafu ukasema, samahani baba, sikukueleza vizuri.

Samahani. Nimeunguza vitu mimi, samahani umeomba wewe. Mwalimu wako wa mapishi aliwahi kuniambia siku ya mahafali kwamba Lina ni hodari, ila ana tabia moja: sahani ikivunjwa na mwenzake upande ule wa jiko, anayesema samahani ni yeye. Alinisimulia akicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Yeye hakujua hiyo tabia ilianzia wapi. Mimi ninajua.

Jumatano ile ya wiki iliyopita nilikutania, nikakuuliza kwa nini unanisumbua na uzee huu badala ya kuniacha nioe. Hukucheka. Ulikuwa unakata hoho, hukuinua macho. Ukasema, "Nataka ujue kupika hata kitu kimoja, baba. Nisije nikaondoka tena bila kupika, na wewe ukafa."

Ulilisema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilipaswa kukujibu pale pale, sikuwa na kisingizio, tulikuwa wawili tu. Nikasema bizari inaelekea kuisha, nikatoka kwenda dukani. Nikazunguka Utemini yote, nikarudi bila bizari, na wewe ulikuwa umeshamaliza kupika.

Sasa nakujibu. Mama yako hakufa kwa sababu hukupika uji. Nitakuambia yote ilivyokuwa na sitajipunguzia.

Unachokijua wewe ni kwamba ilikuwa siku ya pili ya mtihani wa darasa la saba, ulikuwa umekesha na madaftari, ukachelewa kuamka. Kila siku ulikuwa ukimpikia mama uji kabla ya shule, kwa sababu ya ile sindano yake ya ugonjwa wa kisukari. Siku ile mama akakuambia uwahi, atajipanga mwenyewe. Ukakimbia. Ulitoka kwenye mtihani ukakuta watu wamejaa uani, na rula ilikuwa bado mkononi mwako. Hayo ndiyo unayoyajua, na ukayajumlisha mwenyewe, kwa msaada wangu.

Usiyoyajua ni haya. Nesi wa kliniki alimfundisha mama yako kuchoma sindano, lakini maelezo ya chakula alinipa mimi, akinitazama usoni: akishachoma, ale ndani ya nusu saa, asipokula sukari itashuka na mtu anaweza kupotea. Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, Lina, usifikiri sikujua.

Asubuhi ile, ulipotoka tu getini, mama yako aliniita chumbani. Miguu ilikuwa imemvimba, kusimama hakuweza. Akaniambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba jambo la aibu, "Baba Lina, mtoto nimemwambia awahi. Leo utanikorogea wewe uji?"

Nikasema, "Sawa."

Kwa ajili ya hiyo sawa yangu alichoma sindano. Angejua hakuna uji asingechoma, mama yako alikuwa mwangalifu, unamkumbuka. Alichoma kwa kuniamini.

Nilichukua kiberiti. Nilitoka, nikafika mpaka mlango wa kile kibanda cha nje kilichokuwa jiko letu, ule mlango uliokuwa ukitazama uani. Unga ulikuwepo, maji yalikuwepo, kuni ulikuwa umezipanga wewe tangu jioni. Ndipo Ntandu akaingia getini. Rafiki yangu huyu huyu wa vitunguu, alikuja kuniambia habari za lori. Nikatia kiberiti mfukoni.

Wewe umekua na wenzako wa chuo, wavulana wanavaa aproni na kupigwa picha, huenda usinielewe. Kwetu mwanaume haonekani akipuliza moto. Baba yangu alikuwa akilala njaa mke wake akienda msibani kwao, na unga upo, na maziwa yapo kwenye kibuyu. Alikuwa akijisifia hilo mbele yetu, nasi tukimwona shujaa. Mwanaume akikutwa jikoni watasema mke amemkalia, amelishwa kitu. Na mimi nilikuwa mtu wa soko, jina langu lilikuwa kubwa wakati ule, au nilidhani hivyo. Nikajiambia, acha Ntandu aondoke kwanza, ni dakika chache.

Ntandu haondoki dakika chache. Nikamtolea kiti. Tukazungumza lori, tukazungumza wanunuzi, tukazungumza mvua. Mama yako akaita mara moja kutoka ndani, "Baba Lina, uji vipi?" Nikamjibu asubiri kidogo. Ntandu akacheka, akaniuliza kama siku hizi napika.

Nikasema, "Mimi? Anaweweseka huyo, ana homa."

Tukacheka wote wawili. Mama yako alisikia, Lina. Dirisha lilikuwa wazi, alisikia, na hakuita tena. Nimekaa na hilo miaka tisa. Sijui kama alinyamaza kwa sababu sukari ilikuwa imeshaanza kumpoteza au kwa sababu alinisikia nikimcheka. Nikifika mbele yake siku moja nitamwuliza, na naliogopa jibu.

Ntandu alipoondoka nikaingia ndani. Ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima. Shuka lilikuwa limelowa jasho, alikuwa anakoroma kwa namna ambayo si ya usingizi, nikamwita hakujibu. Tulimpakia kwenye gari la jirani. Hospitali walihangaika naye, lakini mchana ule ule akafariki. Daktari kijana akanitoa pembeni, akaniuliza kama alikuwa amekula baada ya sindano. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini hakupewa hata maji ya sukari, kijiko kimoja tu. Sukari ilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, Lina, hatua tatu kutoka kitandani.

Nikamjibu, "Mtoto aliondoka bila kuacha uji."

Huo ndio uongo wa kwanza niliousema baada ya kufiwa na mke wangu. Nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta leso nikakuta kiberiti.

Uongo ukishatoka mara ya kwanza, mara ya pili unatoka wenyewe. Msibani kila aliyeuliza nilimjibu hivyo hivyo. Shangazi yako akapiga makofi akasema ndiyo mitihani yao hiyo, na kina mama wakatikisa vichwa. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sare ya shule. Nilikuona. Nilijua umesikia. Ningeweza kuinuka, nikaendelea kupokea pole.

Na tangu siku ile ukawa unaamka alfajiri kupika uji. Mtihani ulishapita, mama hayupo, hakuna anayeuhitaji, lakini Lina ameshawasha moto. Unapika, unanimiminia kikombe, unaniwekea mezani, unaondoka. Wewe mwenyewe sijakuona ukiunywa hata siku moja. Mwenzako wa bweni alipokuja kututembelea alinitania kwamba hata chuoni ulikuwa unadamka kupika uji halafu unaugawa. Miaka yote hii nimekunywa uji ule nikijua unapikwa kwa sababu gani. Ulikuwa mtamu, na niliumaliza kila siku. Mtu anaweza kuzoea chochote kile, mwanangu, hilo nimeliona kwangu mwenyewe na limenitisha.

Utauliza kwa nini sikusema mapema. Mwanzoni niliogopa ndugu wa mama yako. Kisha nikaona umenyamaza, nikajidanganya umesahau. Kisha ukawa mkubwa, mpole, mchapakazi, watu wakanisifu nimekulea vizuri peke yangu, na sifa zile nikazipenda. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyokuwa kwa faida yako.

Na usidhani kwamba nimebadilika kwa sababu naandika vizuri. Ijumaa iliyopita, tulipokuwa jikoni, mimi nimeshika kikaango na nyama imeanza kushika rangi, Ntandu alibisha hodi. Uliona nilichofanya. Niliweka kikaango chini, nikasogea mlangoni nikasimama kama mtu aliyepita kuomba maji. Miaka tisa, mwanamke amekufa, na bado miguu ilisogea yenyewe! Wewe ukachukua kikaango ukaendelea kugeuza. Ulidhani naona haya za kizee. Mimi usiku ule sikula, nilikuambia tumbo linauma.

Usimchukie Ntandu. Hakujua kwamba mgonjwa alishachoma sindano na uji ndio uliokuwa ukisubiriwa, mimi nilimficha. Angejua, angeukoroga yeye.

Leo ulipoondoka kwenda Issuna nilikwenda kwa muuza nyama nikaomba steki, nikapitia duka la viungo mjini, nikarudi, nikasukuma chapati. Nikakata kitunguu changu. Nikaikata nyama kwa kukingamisha, nyembamba, nikailoweka. Nikasubiri mafuta yapate moto wa kiasi, nikaweka kidogo kidogo kama ulivyosema. Katikati ya hoho nikasikia hodi, ni Ntandu. Nikamwambia apite jikoni kama anataka kuzungumza, mimi nina kitu motoni siwezi kukiacha. Akaingia, akanitazama, akatazama aproni yako niliyoivaa, akacheka sana. Mimi nikaendelea kugeuza. Alipomaliza kucheka akaniuliza kama zimebaki chapati, nikampa moja. Akala, akaniambia limao limezidi, akaenda zake.

Ndivyo ilivyo, Lina. Hicho kicheko nilichokiogopa kiliisha kabla hoho hazijaiva. Niliketi kwenye kigoda nikalia, na safari hii vitunguu vilikuwa vimeshaingia kikaangoni. Mama yako alikufa kwa ajili ya kicheko cha muda ule tu.

Sina busara nyingi za kukupa. Moja tu nimeilipia: ukimwambia mtu sawa, inuka saa ile ile, usingoje wageni waondoke. Na huko kwenye jiko la watu, sahani ikivunjika, angalia kwanza kama ilikuwa mkononi mwako. Kama haikuwa, funga mdomo, endelea na kazi yako. Wakikulaumu kwa jambo lililotokea mahali ambapo wewe hukuwepo, uliza nani alikuwepo. Ungeniuliza mimi hivyo ukiwa na miaka kumi na mitatu ningekosa pa kutazama. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto hawezi kumwuliza baba yake hivyo.

Shangazi yako nimemweleza kila kitu kwenye simu kabla sijaanza kuandika. Akasema nikuambie wewe mwenyewe kabla hujapanda basi, la sivyo atakuja kukuambia yeye, na mbele ya watu. Yeye anakuficha habari hii mpaka ufike nyumbani, ndiyo maana anakuchelewesha na huyo kuku. Ukiona alikukumbatia muda mrefu kuliko kawaida, ni kwa hilo. Wajomba zako nitawafuata Manyoni wiki ijayo, nitawaambia nikiwa nimesimama mbele yao. Watakachonifanya ni haki yao.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye hotpoti, chini ya chapati, uikute ukifungua chakula basi likiwa limepita Manyoni. Niliona ni njia ya upole. Halafu nikajua ni kiberiti kile kile narudisha mfukoni, nangoja uondoke kwanza. Kwa hiyo naiacha hapa mezani, na mimi nitakaa kiti cha pili nikutazame ukiisoma mpaka mwisho. Ukitaka kunipigia kelele, nipo. Ukitaka kuondoka ukalale kwa rafiki yako, begi lako nitakubebea mpaka getini, na alfajiri nitakupeleka stendi kama utaniruhusu. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba uache kuomba samahani wewe.

Fajita ziko kwenye kikaango, limao limezidi.

Na kesho uji nitaukoroga mimi. Kiberiti nimeshakiweka juu ya jiko. Ukiunywa, ukiumwaga, ni juu yako. Ila nitakaposikia unaamka alfajiri kutafuta sufuria nitakurudisha kitandani kwa mkono wangu, wewe si mtu wa kuamka kupika tena humu ndani. Ulale, mama. Nitakuita uji ukiwa tayari.

Baba yako